Kwato Huonekana Mwisho

Hadithi ya yule mwanamke mrembo mwenye kwato haianzi na kwato. Inaanza na harufu ya asumini, kisha buibui, kisha maneno mawili matatu ya njiani. Kwato huja msikilizaji akishajisahau. Sinema za kutisha za mwendo wa pole, zile za bajeti ndogo zisizojulikana na wengi, zinategemea ufundi huohuo. Mtengenezaji hana pesa za kuunda zimwi, basi anakuuzia kimya na kona yenye giza.

Kwa hivyo anayehangaika kutafuta diski halisi simwoni mshamba hata kidogo. Giza ndilo linalokufa kwanza kwenye nakala za duka la muvi. Filamu nzima ikibanwa itoshe megabaiti 700, hupunguzwa zaidi pale jicho linapodhaniwa haliangalii, yaani kwenye vivuli. Ukumbi mweusi unageuka miraba ya kijivu inayochezacheza, na mtu aliyesimama nyuma ya mlango dakika nzima haonekani. Utasema filamu haina kitu, kumbe kitu kimefutwa.

Mwendo nao huharibiwa. Filamu hupigwa fremu, yaani picha, 24 kwa sekunde. DVD za PAL, yaani mfumo wa video wa nchi kama Uingereza, huzikimbiza 25. Dakika 100 huwa 96, na sauti hupanda kidogo. Ukiona dakika zimepungua usiseme imekatwa: zidisha kwa 25, gawanya kwa 24, ndipo ulalamike. Carnival of Souls, filamu ya kutisha ya 1962, inahitaji macho zaidi, maana ina toleo la dakika 78 na la 84, na kwa kuwa huko Marekani filamu hiyo haina mwenye hakimiliki, nakala mbovu zimezagaa. Diski za Blu-ray za huko nyingi zimefungwa kwa mashine za eneo A. Mashine za kwetu husoma B.

Halafu kuna unyevu wa Mombasa. Kwenye kanda za VHS, chungulia kidirishani: unga mweupe kwenye kingo za utepe ni ukungu. Usiicheze, itachafua vichwa vya mashine na kuambukiza kanda inayofuata. Kanda zilizo nzima zisimamishe wima ndani ya kontena la mfuniko mkazo, pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu. Kanda ikitoka chumba cha AC, iache saa mbili kabla ya kuitia mashineni, umande ukauke.

Wakati wa kutazama, ondoa ule mpangilio wa TV unaong'arisha rangi. Panka nayo zima, hata kama ni Februari.