Tusimtwishe Bikila Hoja Isiyo Yake

Mjadala wa kukimbia pekupeku ukianza, jina la Abebe Bikila halichelewi kutajwa kama ushahidi kwamba miguu mitupu ni bora kuliko viatu. Ni kweli kwamba tarehe 10 Septemba 1960 Mhabeshi huyo alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma bila kiatu mguuni, kwa saa 2:15:16. Wanaomtaja, hata hivyo, hupenda kuishia hapo Roma. Viatu alivyopewa havikumkaa vizuri, na kwa kuwa alikuwa amezoea kufanya mazoezi miguu mitupu, aliamua kuviacha. Miaka minne baadaye, mjini Tokyo, alivaa viatu na soksi, akashinda tena kwa saa 2:12:11. Sisemi kwamba viatu ndivyo vilivyompunguzia dakika hizo tatu. Ninachosema ni kwamba Bikila hawezi kuwa shahidi wa upande mmoja.

Maoni yangu ni kwamba kukimbia pekupeku kunafaa kama zoezi la kurekebisha mwendo, lakini si kinga ya majeraha, wala si siri ya ushindi wa Waafrika Mashariki. Mtazame mtu anayekimbia na raba zenye soli nene: mara nyingi kisigino ndicho kinachotangulia kugonga chini, kwa sababu soli inameza kishindo. Mvue raba hizo, umkimbize kwenye barabara ngumu, na baada ya hatua chache huenda ukamwona akifupisha hatua, akikunja goti zaidi na kutua kwa sehemu ya mbele ya wayo. Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake, ambao miongoni mwa waliowapima walikuwamo vijana wa Kikalenjin wa Bonde la Ufa, walionyesha kwamba kutua hivyo hupunguza sana ule mshtuko wa ghafla unaopanda mguuni.

Wengi walichukua utafiti huo wakafunga mjadala. Mwaka 2013, hata hivyo, watafiti wengine waliwapima Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, ambao nao wamezoea kutembea bila viatu, wakakuta kwamba walio wengi walitua kwa kisigino walipokimbia kwa mwendo waliojichagulia. Walipoongeza kasi ndipo mtindo huo ulipopungua. Kwa hiyo kasi nayo ina neno lake.

Isitoshe, kutua kwa mbele ya wayo hakuondoi mzigo, bali huuhamisha, hasa kwenye misuli ya nyuma ya mguu na kano ya kisigino. Aliyekimbia hivyo kwa pupa siku ya kwanza hujua kesho yake anaposhuka ngazi kwa kushikilia ukuta. Viatu vyembamba vyenye vidole, ambavyo wakati fulani vilivuma sana Marekani, viliwaponza wengi kwa njia hiyo, na mwaka 2014 kampuni ya Vibram iliyovitengeneza ilikubali kulipa dola milioni 3.75 kumaliza kesi iliyohusu madai yake ya manufaa ya kiafya, ingawa haikukiri kosa.

Linalonikera zaidi ni picha ya mtoto wa kijijini anayekimbilia shule pekupeku, inayotumiwa kuwauzia watu wa mbali falsafa ya maisha ya asili. Mtoto yule hana viatu, basi. Njiani kuna mbigili, vipande vya chupa, funza na minyoo ya safura, na akipata raba huzivaa kwa furaha. Eliud Kipchoge alipokimbia umbali wa marathoni kwa saa 1:59:40 mjini Vienna mwaka 2019, alivaa viatu vya soli nene zilizotengenezwa kwa ustadi mkubwa.

Anayetaka kujaribu aanze kwenye nyasi za uwanja wa mpira, baada ya kuukagua, kwa dakika chache mwishoni mwa mazoezi yake ya kawaida, na asiongeze muda mpaka miguu iache kuuma. Mwenye kisukari ambaye nyayo zake zimeanza kufa ganzi asijaribu kabisa, kwa sababu anaweza kukanyaga kioo na kuendelea kukimbia bila kujua kwamba amekatika.