Mvuje Tuutoe Shingoni, Tuutie Sufuriani

Niliwahi kupanda basi la Iringa kwenda Mbeya nikiwa na kipande cha mvuje kwenye begi. Kipande chenyewe saizi ya kidole gumba, nimekizungushia gazeti, gazeti nimelitia ndani ya soksi, soksi iko chini kabisa ya nguo. Kabla hatujafika Mafinga abiria wa mbele yangu akageuka: "Jamani, nani kabeba vitunguu vimeoza?" Nikatazama dirishani. Makambako kondakta alifungua madirisha yote, na baridi ya kule mnaijua. Nilitetemeka na wenzangu hadi Igawa, kimya.

Kwa ambaye hajawahi kuuona: mvuje ni utomvu uliokauka. Una rangi ya kahawia yenye wekundu, mgumu juu, ukiuminya kwa kucha ndani unanata kama ulimbo. Sokoni Mwanjelwa utaukuta kwenye meza za dawa za asili, pamoja na ubani, habasoda na mizizi ambayo majina yake muuzaji anayajua mwenyewe. Hutaukuta kwenye meza ya viungo, kwenye iliki, mdalasini na binzari. Malalamiko yangu yote yanaanzia hapo, kwenye hiyo meza.

Kwetu mvuje ni wa mtoto mchanga. Unakatwa kipande, unafungwa kwenye kitambaa cheusi, mtoto anavishwa shingoni au mkononi. Kazi yake ni kufukuza jicho baya, wachawi, na kile kinachomshtua mtoto usiku. Wengine hawaishii hapo: wanauloweka, maji yake anadondoshewa mtoto mdomoni kutuliza chango. Mama yangu ni mtu wa Tukuyu, amelea watoto saba, na nilipojifungua wa kwanza alishuka na kitambaa chake tayari kimeshonwa. Sikubisha. Mwanamke mwenye wiki mbili za kutolala hana nguvu za kubishana na mtu aliyelea saba.

Siku ya kliniki, nesi alinusa kabla hatujakaa kwenye benchi. Alinisema mbele ya foleni nzima, akamvua mtoto kile kitambaa kwa ncha za vidole, kama anashika panya. Nilijisikia vibaya mno. Mwezi uliofuata nikagundua wenzangu wanafanyaje: wanamvua mtoto getini, kitambaa kinaingia kwenye pochi, wakitoka kinarudi shingoni. Nikafanya hivyohivyo. Kukaripiwa kulinifundisha kuficha tu. Ila yule nesi, pamoja na ulimi wake, alikuwa sahihi. Kamba shingoni mwa mtoto mchanga inaweza kumnyonga akiwa usingizini. Na yale maji ya kudondoshea ni hatari zaidi. Mtoto wa chini ya miezi sita ni maziwa ya mama tu, hata maji matupu hapewi. Mwaka 1984 madaktari wa Marekani waliandika habari za mtoto mchanga wa wiki chache aliyepewa dawa ya mvuje kwa ajili ya tumbo, damu yake ikashindwa kubeba oksijeni inavyotakiwa. Maana yake hata huko wazungu nao walikuwa na mabibi zao wenye chupa kabatini. Wakati wa ile homa kuu ya mafua ya mwaka 1918, wapo Wamarekani waliovaa vifuko vya mvuje shingoni, watu wazima na akili zao.

Kilichonifungua macho ni maharage. Nilikuwa napanga chumba Iringa, jirani yangu mama mmoja wa Kihindi, amezaliwa palepale mjini, "kamwene" yake, ile salamu ya Kihehe, imenyooka kuliko yangu. Jioni moja alinikaribisha dengu. Nikamwona anatoa kikopo kidogo cheupe, anachota unga wa njano kwa ncha ya kisu, robo ya kijiko cha chai haifiki, anautupa kwenye mafuta ya moto. Harufu ikapanda. Nikarudi nyuma hatua moja, pua ikinipeleka moja kwa moja kwa mwanangu na kile kitambaa. "Bibi, huo si mvuje?" Akacheka, akasema wao wanauita hing, na subiri kidogo. Nikasubiri. Sekunde kama kumi hivi ile harufu ya uvundo ikageuka, ikawa ya kitunguu na kitunguu saumu vilivyokaangwa vikaiva vizuri, na ndani ya yale mafuta hakukuwa na kitunguu hata kimoja.

Sababu yake si uchawi. Uvundo wa mvuje unatoka kwenye kemikali zenye salfa, ndugu wa zile za kitunguu saumu, na mafuta ya moto yanaulainisha. Ndiyo maana Wahindi ambao dini inawakataza vitunguu, kama Wajaini, wanautegemea kupata ladha ileile. Mmea wenyewe ni wa ukoo wa karoti na giligilani, unaota milima mikavu ya Iran na Afghanistan. Unaachwa miaka minne, mitano, kisha mzizi unachanjwa, utomvu unatoka taratibu, unakauka, unakwanguliwa. India, inayoula kuliko nchi zote, iliuagiza wote kutoka nje. Mche wa kwanza wa utafiti wao waliupanda bonde la Lahaul, milimani kaskazini mwa India, mwezi Oktoba 2020. (Najua kuna mtu wa Makete ameshaanza kupiga hesabu za heka. Baridi tunayo, kaka. Ukame wa kule hatuna.)

Sasa turudi kwenye maharage, maana hapa ndipo ninapowashangaa watu wangu. Nyanda za juu kusini tunalima maharage, tunakula maharage, tunawalisha Dar es Salaam maharage. Mbeya mjini tuko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzijoto 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo maharage yetu yanakaa jikoni nusu ya siku na mkaa unaisha. Na tumbo linajaa gesi usiku kucha, kwa sababu maharage yana sukari ambazo utumbo wetu hauwezi kuzivunja, zikifika chini bakteria wanazichachusha. Kinga ya kwanza ni kuloweka usiku na kumwaga yale maji, hilo mama zetu wanalijua. Jikoni kwa Wahindi wanaongeza mvuje, karne nyingi sasa, kwenye kila chungu cha jamii ya kunde. Sisi tunao mvuje huohuo na tumbo hilohilo, lakini tumeufunga kwenye kitambaa cheusi.

Mimi nafanya hivi. Maharage ya njano, yameshachemka na kuiva. Mafuta vijiko viwili yapate moto, mvuje wa unga kiasi cha punje mbili za maharage, nahesabu mpaka kumi, kisha kitunguu, nyanya, na maharage yenyewe. Ukizidisha umeharibu sufuria nzima, yatakuwa machungu na majirani watakuja kuuliza. Ukiutia bila kuukaanga ni kosa kubwa zaidi. Kwenye kande ni mtamu kuliko hata kwenye maharage, hapo sitaki ubishi. Wa kikopo mara nyingi umechanganywa na unga wa ngano au wa mchele, kwa hiyo asiyepatana na ngano asome lebo. Na ninaposema jikoni namaanisha jikoni: wajawazito na wanaomeza dawa za kuzuia damu kuganda wasiufanye dozi ya kunywa kwa vikombe.

Wajerumani, waliotutawala hapa na kujenga maboma yao, kwa lugha yao wanauita mavi ya shetani. Sisi tunamvika mtoto ili shetani akimbie. Labda anakimbia kwa aibu.

Mwaka jana nilijifungua wa pili. Mama akashuka tena kutoka Tukuyu, na kipande kipya, kikubwa kuliko cha kwanza. Safari hii nilimpokea kwa mikono miwili, "ndaga fijo, mama," yaani asante sana kwa Kinyakyusa, nikakipeleka moja kwa moja kwenye kinu. Mvuje mbichi hautwangiki peke yake, unanata kwenye mchi, inabidi utie unga wa mchele kidogo kidogo. Alisimama mlangoni ananitazama, mtoto mgongoni kwake, hasemi kitu. Jioni alikula maharage, akaongeza. Halafu ndipo akaniuliza kama hicho kinu bado nategemea kukitwangia karanga.