Ganda la bakteria peke yake halitoshi

Kaboksisomu, maganda madogo yanayofungia vimeng'enya ndani ya bakteria, zilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1956, kwa hadubini ya elektroni, ndani ya sianobakteria, yaani bakteria wanaofanya usanisinuru kama mimea. Ukuta wake hauna mafuta hata kidogo: ni protini tupu, zilizoungana sita-sita kama vigae na tano-tano kwenye pembe, vimeng'enya vikiwa ndani. Wahandisi wa baiolojia sasa wanataka kuzihamishia kwenye mimea.

Hoja yao si nyepesi. Rubisko, kimeng'enya kinachonasa kabonidioksidi, ni kivivu: hunasa molekuli chache tu kwa sekunde, na mara nyingine hudaka oksijeni. Ndani ya ganda, kimeng'enya cha pili, anhidrasi ya kaboni, hugeuza bikabonati (kabonidioksidi katika umbo lililoyeyuka majini) kuwa kabonidioksidi palepale Rubisko ilipo. Bakteria wa Salmonella nao wana ganda lao, kwa sababu nyingine kabisa. Wanapovunja kemikali iitwayo propanidioli hutokea aldehaidi yenye sumu, na wakiharibiwa jeni za ganda, sumu hiyo husambaa ndani ya seli na ukuaji husimama. Zaidi ya hayo, kufungasha ni rahisi ajabu: kipande cha amino asidi 18 tu, kikipachikwa mwanzoni mwa protini ngeni, huiingiza ndani ya ganda hilo la Salmonella.

Wenye shaka hutaja gharama: protini nyingi zinazotengenezwa kwa ajili ya ukuta tu, na malighafi kulazimika kupenya vitundu vyembamba. Mimi naona hoja yao nzito iko nje ya ganda. Mwaka 1989 watafiti waliweka anhidrasi ya kaboni ya binadamu katika sitoplazimu ya sianobakteria, yaani ute wa seli ulio nje ya ganda. Kaboksisomu hazikuguswa. Hata hivyo bikabonati iligeuka gesi kabla ya kuzifikia, gesi ikavuja, na bakteria wakashindwa kukua mpaka waongezewe kabonidioksidi.

Ndiyo maana tumbaku ya mwaka 2018, iliyopewa kaboksisomu zilizorahisishwa ndani ya kloroplasti, sehemu ya seli inayofanya usanisinuru, ilihitaji hewa yenye kabonidioksidi nyingi. Haikuwa na pampu za bikabonati, yaani protini za kuiingiza ndani, na kloroplasti ina anhidrasi yake yenyewe. Sioni hapo sababu ya kuacha mradi. Naona mpangilio wa kazi. Pampu zitangulie, anhidrasi ya kloroplasti iondolewe, ndipo ganda lifuate.

Kwenye matangi ya viwandani, ambako bakteria hutengenezewa njia za kemikali zenye hatua ya sumu katikati, ganda lina kazi ya kufanya hata pasipo pampu.