Kupikwa au Kufukizwa

Wazee wa Mombasa wakiiona Datsun 240Z yangu hawapiti. Husimama, wakaitazama ile pua ndefu, wakatikisa kichwa, kisha hadithi ikaanza: mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally kwa gari la aina hii, mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda tena, zile nyekundu zenye boneti nyeusi, tope mpaka kwenye paa. Nawaacha wamalize. Hajatokea hata mmoja wa kuniuliza mle ndani kulikuwa na joto kiasi gani.

Basi nitasema mwenyewe. Injini ya gari hili ni silinda sita kwa mstari mmoja, lita 2.4, kabureta mbili. Kabureta na ekzosi zote ziko upande wa kushoto. Kule Marekani, yalikouzwa kwa wingi, kushoto ndiko anakokaa dereva, kwa hiyo anayeungua ni mwenye gari na hana wa kumlalamikia. Kwetu usukani uko kulia. Ekzosi ikishuka kutoka kwenye injini inapita chini ya miguu ya abiria. Mimi dereva natoka jasho la kawaida la Mombasa. Abiria anaiva.

Ilikuwa Shaabani, mwezi wa kukimbiza harusi kabla Ramadhani haijaingia, nayo iliangukia Februari, kaskazi imekolea. Mtoto wa ami yangu anaoa Mji wa Kale. Kila mwenye gari la maana alikuwa kabeba viti, sufuria au mashemeji, kwa hiyo kazi ya kumleta Shangazi kutoka Malindi ikaniangukia mimi.

Shangazi alitoka nyumbani kwake akitembea kwa visigino, kashikwa huku na huku na wajukuu. Mpakaji hina alikuwa kaondoka muda huo huo. Miguu ilikuwa na hina mbichi kuanzia nyayo mpaka juu ya kifundo, imezungushiwa vipande vya leso kuukuu, na mikono vilevile, kaishika mbele kwa adabu isiguse kitu.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Gari li wapi?"

"Ndilo hili."

Akalitazama. "Na lile la kukaa watu?"

Wajukuu wakamteremsha taratibu mpaka akafika kitini, ambako ni mbali zaidi ya alivyotarajia. Akanyoosha miguu, akachungulia chini. Hapa yafaa nieleze kwamba fundi wangu wa Majengo alikuwa ameng'oa zulia la zamani pamoja na ule mkeka wa katani wa kuzuia joto uliokuwa chini yake, maana ulikuwa umeoza ukawa vumbi, akaahidi kuleta mwingine wiki ijayo. Mafundi wana wiki ijayo yao, haimo kwenye kalenda. Ili nisikae na bati tupu alinitandikia foili ya jikoni.

"Hii si ya kuchomea samaki?" Shangazi akauliza.

"Inarudisha joto lilikotoka, Shangazi."

"Samaki nao huambiwa hivyo."

Tulipofika Gede alikuwa ameacha kuzungumza. Juu kuna kile kioo cha nyuma kilicholala, kipana, chakaribisha jua lote ndani. Chini kuna ekzosi. Katikati kuna mti wa gia ambao ngozi yake imechanika na unapuliza hewa ya giaboksi moja kwa moja mapajani. Tulikuwa kama pilau iliyopaliwa moto juu na chini. Kwa kiwiko, maana mikono ina hina, Shangazi akanionyesha dirisha.

Nikamshushia kioo. Upepo ukaingia, akafumba macho, akasema alhamdulillahi. Alhamdulillahi ile ilidumu mpaka karibu na Mida.

"Wewe. Nini chanuka?"

Sasa hili ni jambo ambalo wenye magari haya wanalijua popote walipo. Umbo lake ni zuri, lakini likiwa mwendoni hewa hujikunja nyuma ya mlango wa buti ikabaki pale inazunguka, na moshi wa ekzosi unazunguka nayo. Mpira wa mlango ule ukishazeeka, ukifungua madirisha ya mbele hewa inavutwa kutoka nyuma kuja kwako. Haiji peke yake. Nikamweleza Shangazi hayo yote kwa utulivu, nikitumia mkono kuonyesha jinsi hewa inavyojikunja.

"Nguo zangu za harusi nimezifukiza udi tangu juzi," akasema. "Ziko hapo nyuma. Sasa zanuka tuktuk."

"Basi tufunge vioo."

"Tukifunga?"

"Tutapikwa kidogo."

"Na tukiacha wazi?"

"Ndio huku kufukizwa."

Alifikiri mpaka Matsangoni. "Funga," akasema. "Kufukizwa nimeshafukizwa."

Kilifi tulipita, daraja tukavuka, mashamba ya mkonge ya Vipingo yakaja yakaenda. Palipo na mwendo gari lile linavumilika, na lina mlio ambao ningeweza kuuandikia kurasa. Shangazi alikuwa na nafasi ya kuusikiliza kwa sababu hakuwa na nguvu ya kusema. Nyuma yetu kulikuwa na kilo ya halua ya babu yetu asiye na meno. Nilipokata kona niliisikia ikihama upande.

Halafu Mtwapa.

Asiyeijua foleni ya Mtwapa namwombea asiijue. Malori, matatu, boda, mikokoteni, wauza madafu, wote wamesimama na kila mmoja yuko kwenye haki yake. Gari likisimama, upepo unaopoza rejeta nao unasimama, inabaki feni, na feni ya gari la umri ule ina hiari yake. Mshale wa joto ukaanza kupanda. Niliutazama kwa muda nikitumaini utaona haya. Haukuona.

Dawa ya hali hiyo kila dereva mkongwe anaijua. Nikasafisha koo.

"Shangazi, nataka kuwasha hita."

"Hita ndio nini?"

Nilitafuta njia nzuri ya kulisema, sikuipata. "Chombo cha kuleta joto."

Akageuza kichwa polepole. "Wewe wamjua Mungu?"

Nikamweleza haraka haraka, maana mshale haukungoja. Ndani ya dashibodi kuna kirejeta kidogo. Ukifungua koki, maji ya moto ya injini yanapita humo, feni inapuliza, joto linatoka kwenye injini linaingia ndani. Injini inapata nafuu.

"Yaani gari litushushie sisi joto lake."

"Kwa muda tu, Shangazi."

"Na sisi tulishushe kwa nani?"

Sikuwa na jibu, nikavuta kilimi. Kilikataa, kikalia, kikakubali. Kwanza likatoka vumbi, mbawa za mende, na kipande cha risiti. Kisha likatoka joto lenyewe. Nimewahi kufungua tanuri la mikate usoni. Lile lilikuwa na huruma. Tukashusha vioo vyote. Makanga wa matatu iliyokuwa ubavuni mwetu akanyoosha mkono kuegemea mlango wetu, akaurudisha mbio.

"Oya, hawa wamewasha jiko!" akawatangazia abiria wake, na abiria wakainuka kuja upande wetu kutazama. "Mzee, huyo mama anaiva!"

Lakini mshale ulishuka. Ulishuka vizuri kabisa, nami nikamwonyesha Shangazi. Hakuushangilia. Alikuwa anatazama mguu wake wa kushoto.

"Mwanangu," akasema, kwa sauti ya mtu anayetaka kuwa na hakika kabla ya kutuhumu. "Gari lako lanikojolea."

Koki ile haikuwa imefunguliwa tangu sijui serikali gani, na mpira wake ulikuwa umekauka ndani. Inakaa chini ya dashibodi, juu ya miguu ya abiria. Tone lilikuwa likijikusanya pale kwenye ukingo wa shaba, likinenepa, likisitasita, kisha likidondoka kwenye leso ya mguu. Vuguvugu. Nikaing'ata leso nyingine kwa meno nikaichana, nikapangusa. Shangazi akainama akaangalia nilichopangusia.

"Na mkojo wenyewe wa kijani. Hili lipelekwe hospitali."

Ni dawa ya rejeta, nikamwambia, ndiyo yenye rangi. Akajibu kwamba hakuuliza. Tulipovuka daraja la Mtwapa nikaegesha, nikafunga koki kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, nikaitegea kopo chini yake, na kutoka pale mpaka Nyali hatukusemezana ila yeye na Mwenyezi Mungu. Nilipomtoa garini karibu na Fort Jesus, maana vichochoro vya Mji wa Kale haviingii gari, aliniambia, "Mungu atakulipa." Nilibaki barabarani nikijiuliza kama ile ilikuwa dua au mashtaka. Halua nayo ilifika ikinyweka. Babu ndiye aliyefurahi.

Nusu saa baadaye mtoto mmoja akaja mbio: naitwa na Shangazi na wanawake wote. Nikaenda nikapanga maneno njiani. Mlangoni nikasikia kelele, na kelele zenyewe zilikuwa za ugomvi, lakini si na mimi.

"Hiyo ni piko, ile rangi nyeusi ya dukani! Hina haiwi hivyo!"

"Wallahi ni hina tupu! Mwulizeni aliyenipaka!"

Walikuwa wamemfungua zile leso na kukwangua hina iliyokauka. Mikono yake, aliyoiweka mapajani safari nzima, ilikuwa na rangi ya chungwa tu, ya kawaida, ya kuanzia. Miguu ilikuwa nyekundu ya kuingia weusi, mistari imekatika safi hadi kwenye ncha za majani. Hina hupenda joto, kila mpakaji anakwambia, ila hapana mpakaji mwenye silinda sita. Bibi mmoja alikuwa kaushika mguu wa Shangazi kwa mikono miwili akiulinganisha na wake, na sura yake haikuwa ya kheri.

"Waambie," Shangazi akaniamuru. "Waambie nilikaa wapi."

Nikawaambia. Nikawaeleza ekzosi, foili, hita, na jinsi hewa inavyojikunja nyuma. Hii ni mara ya pekee watu kunisikiliza habari za gari lile mpaka mwisho bila kunitajia Safari Rally.

Kesho yake alasiri nilikuta kundi limekaa barazani, miguu imenyooshwa, hina mbichi, leso tayari. Walikuwa wameshapatana kwa umri nani aanze, kila mmoja mzunguko wa Nyali na kurudi, mafuta wachange. Nikawaonya mapema kwamba nafasi ni moja tu.

"Na upande wako?" akauliza yule bibi wa jana.

"Upande wa kulia hauivishi, Bibi. Ekzosi iko kushoto."

Akalizunguka gari, akachungulia chini ya mlango wangu, akachungulia chini ya ule mwingine, akafikiri.

"Na ukiendesha kinyumenyume?"