Korosho na "kutuliza neva": mwandishi ameruka hatua

Mwandishi, korosho za Newala tamu kweli, lakini kuandika kwenye makala yako kwamba viondoa oksidi vyake "hufungua milango ya utulivu" kwenye ubongo ni kuruka hatua. Milango hiyo ni vipokezi vya GABA, kemikali ya ubongo inayotuliza neva. Kipokezi cha GABA-A ni vipande vitano vya protini vilivyozunguka tundu la kloridi, na kila kipande kina sisteini mbili zilizofungana kwa salfa. Redoksi, yaani kuoksidisha au kupunguza oksidi, hubadilisha mkondo wa kloridi, sawa, ila mwelekeo hutegemea aina ya kipokezi. DTT, kemikali ya maabara ambayo ni kipunguza oksidi na hufungua vifungo vya salfa, hushusha mkondo wa GABA kwenye seli za retina ya panya; kwenye vipokezi vya ro-1, aina nyingine ya vipokezi vya GABA, huupandisha!

Wanafunzi wa Mtwara na Lindi mnaosoma tafiti hizi, angalieni zinki. Zinki huziba vipokezi vingi vya GABA, na DTT huinasa, kwa hiyo mkondo unaweza kupanda bila salfa kuguswa. Jaribio zuri hurudiwa kwa EDTA, inayonasa zinki na metali nyingine bila kufungua salfa, kisha DTNB, kioksidishaji kinachofanya kinyume cha DTT, hutumika kuona kama athari inageuka.

Halafu DTT iwe mbichi, iliyotoka kutayarishwa: kwenye pH (kipimo cha asidi) 7.5 na nyuzi 20, nusu yake huisha kwa saa 10 hivi. Kwenye pH 8.5, saa moja na nusu tu. Kwa joto letu la pwani, hata kabla ya hapo.