Kwa nyati, risasi ya kwanza iwe bondedi

Julai ikikaribia na msimu wa kuwinda ukinukia, wawindaji wenzangu huulizana mambo yale yale: bunduki ipi, darubini ipi, gari la nani. Risasi huja mwisho, na mara nyingi jibu lake ni boksi lililobaki kabatini tangu mwaka jana. Naona tumeanza mkiani. Nyayo za asubuhi nzima, leseni, mafuta ya gari na jasho la watu watano au sita vyote vinamfikia mnyama kupitia kitu kimoja kidogo, kichwa cha risasi. Kwa .375 H&H Magnum, saizi ya risasi za wanyama wakubwa, yenye kichwa cha grain 300 (grain ni kipimo cha uzito wa risasi), hicho ni kitu cha gramu 19 na ushee. Msimamo wangu kwa nyati, pofu na wakubwa wenzao ni huu: ya kwanza kwenye chemba ya bunduki iwe bondedi, yaani yenye kiini kilicholehemiwa kwenye koti lake, iwe nzito, na isiwe na mbio za kupitiliza.

Softi ya kawaida, yaani risasi ya ncha laini inayopanuka ikigonga, ina koti la nje la shaba iliyochanganywa na zinki kidogo, na ndani yake kiini cha madini ya risasi. Kiini kimeshindiliwa tu humo, hakijashikana na koti. Kwa swala pala aliyepigwa ubavuni hakuna tatizo. Kwa nyati dume mwenye kilo 700, aliyepigwa begani kwa karibu, mambo hubadilika: koti linachanika, kiini kinachomoka, vipande vinatawanyika, na hakuna kinachobaki na uzito wa kutosha kufika kwenye moyo au mapafu. Bondedi imetengenezwa ili hilo lisitokee. Kiini kimeunganishwa na koti kwa moto, kama fundi anavyolehemu, hadi metali mbili zinakuwa kitu kimoja. Sehemu ya mbele inapanuka na kufungua njia pana, huku shina la nyuma likibaki zima na kuendelea kusukuma. Zilizo nzuri hubaki na zaidi ya asilimia 80 ya uzito wake hata baada ya kuvunja mfupa.

Shida yenyewe ni ya siku nyingi. Mwaka 1946 Mmarekani John Nosler alikuwa British Columbia, Kanada, akiwinda moose, yule mnyama wa jamii ya kulungu anayewazidi wenzake wote kwa ukubwa. Risasi zake za .300 H&H zilipasukia karibu na ngozi iliyogandamana matope makavu, zisiingie ndani inavyotakiwa. Mwaka 1948 akaingiza sokoni Partition, yenye ukuta wa shaba katikati unaozuia nusu ya nyuma isipasuke. Miaka ya 1960 Bill Steigers wa Idaho akafuata njia nyingine, ya kulehemu kiini kwenye koti. Swift A-Frame ikaja kuchukua yote mawili, ukuta katikati na kiini cha mbele kilicholehemiwa. Woodleigh Weldcore ya Australia na Norma Oryx ya Sweden nazo ni za ukoo huohuo wa kulehemu. Mtu akinipa mojawapo ya hizo kwa uzito unaofaa, sitabishana naye juu ya jina lililoandikwa kwenye boksi.

Nitakapobishana naye ni kwenye mbio. Wapo wanaoamini risasi ikikimbia zaidi ndivyo inavyoua zaidi, kwa hiyo wanachukua .375 ya grain 270 au chini ya hapo ili wapate mita chache zaidi kwa sekunde. Sasa nenda kwenye miombo yetu, Rukwa au Rungwa, uone nyati anapigwa umbali gani. Ni mita 40, mita 60, kwenye kichaka ambamo unaona kipande cha bega na sikio. Kwa umbali huo risasi imetoka mtutuni sasa hivi na mbio zake hazijapungua, na hapo ndipo inapopata kishindo kikali cha kuivunja. Wengi huhofia risasi kushindwa kwa mbali, kumbe adui wa softi ya kawaida ni karibu. Grain 300 inayotoka kwa takriban mita 760 kwa sekunde imekuwa ikifanya kazi hii tangu .375 ilipotoka mwaka 1912, na sijaona sababu ya kuiharakisha.

Ukitaka kujua ukweli wa risasi, simama karibu na mchunaji. Nyati aliyepigwa ubavu ukiwa umekukabili, akishageuzwa, mchunaji mzoefu hupitisha kiganja juu ya ngozi ya upande wa pili, nyuma ya bega, mpaka kikwame kwenye kivimbe. Anachanja kidogo kwa ncha ya kisu, na bondedi inatoka: kichwa kimepanuka kama uyoga, koti limejikunja nyuma kwa ncha nne tano, na madini ya risasi bado yameng'ang'ania ndani ya kila ncha. Imevunja mbavu zile pana zilizobanana, imepita mapafu yote mawili, ikakosa nguvu ya kutoboa ngozi ya mwisho tu. Nyati wa namna hiyo hukutwa hajaenda mbali. Softi iliyovunjika nayo unaijua papo hapo: koti tupu limebaki kwenye nyama ya bega, limekunjamana, na kiini hakionekani.

Kule kubaki chini ya ngozi ya upande wa pili kuna faida ambayo watu huipita haraka. Nyati mara nyingi yuko kundini. Risasi inayotoboa na kutoka humpata jike aliyesimama nyuma, na sasa una majeruhi wawili na leseni ya mmoja. Ndiyo maana siungi mkono kuanza na solidi, risasi ngumu isiyopanuka, kwenye kundi, na hata zile za shaba tupu zinazopanuka, ambazo hupenya sana, nataka nione nyuma ya mnyama pako wazi kwanza.

Na tusijisahau kwamba majeruhi hafuatwi na mwenye bunduki peke yake. Anayetangulia ni mzee wa nyayo, macho yamo kwenye majani yenye damu, mkononi ana fimbo. Pembeni yake kuna askari wa wanyamapori ambaye ana watoto nyumbani kama wewe. Nyati aliyeumia hujibanza pembeni ya njia yake mwenyewe na kusubiri. Anayebana bei ya boksi moja la risasi ishirini anawabebesha hawa wawili hatari ambayo hawakuichagua. Linaniudhi hilo, na sitalisema kwa upole. Kwenye uwindaji wa kitalii, mnyama aliyejeruhiwa akapotea huhesabiwa ameuawa na ada yake inalipwa, kwa hiyo hata mwenye kuangalia pesa tu hesabu inamkataa.

Bondedi ina mipaka yake. Kwa tembo au kiboko wa kupigwa kichwani, solidi ndiyo yenyewe, na hakuna mjadala. Kwa nyati naweka bondedi chemba na solidi chini yake kwenye magazini, kwa sababu risasi za baadaye hupigwa kwa mnyama anayekimbia, amekupa matako, na hapo inatakiwa ipenye kutoka nyuma mpaka kifuani. Ila zote mbili zijaribiwe kwanza kwenye shabaha kwa bunduki ileile. Grain 300 mbili za viwanda tofauti zinaweza kupiga sehemu mbili tofauti kwa mita 100, na kichakani si mahali pa kuligundua hilo.

Limebaki suala la sumu, na hapa bondedi haina utetezi kamili. Inamwaga vipande vichache kuliko softi ya kawaida, lakini bado ni madini ya risasi. Watafiti huko Botswana walipima damu ya tumbusi wakakuta kiwango cha madini hayo kinapanda wakati wa msimu na kwenye maeneo ya uwindaji. California imepiga marufuku risasi za madini hayo kwa uwindaji wote tangu Julai 2019. Kwa wanyama wa mbugani walio peke yao, kongoni au nyumbu, naona shaba tupu inatosha kabisa na ndiyo ninayoipendekeza. Kwa nyati wa kundini bado nabaki na bondedi, na ninaposhika msimamo huo nabeba na kazi yake: nyama yote yenye michubuko kuzunguka tundu ikatwe kwa upana, isigawiwe mtu wala kuachiwa mbwa, na pamoja na mapafu yaliyopigwa ifukiwe shimoni kabla gari halijaondoka.