Mkono wa Nani?

Kamera yangu ina sura ya babu na akili ya mjukuu. Ukiiona mezani utadhani imetolewa kwenye sanduku la mzee mstaafu: imevikwa ngozi nyeusi ya bandia, na juu ina magurudumu matatu ya chuma yenye namba zilizochongwa. Ndani hakuna mkanda wa filamu, wala kile kioo kinachoruka juu kila ukibonyeza. Kuna kihisio, kile kipande kinachopokea mwanga, cha milimita 24 kwa 36, ukubwa uleule wa picha moja ya mkanda wa zamani, na kompyuta ndogo inayolitambua jicho la mtu hata akiwa amegeuka upande. Niliinunua kwa ajili ya akili hiyo. Hivyo ndivyo nilivyomwambia mke wangu. Kwa kweli niliinunua kwa ajili ya magurudumu.

Usinicheke, tuko wengi. Olympus waliifufua kamera yao ya PEN ya mwaka 1959 mwaka 2009, Fujifilm wakaja na X100 yao, na mwaka 2021 Nikon wakatoa Z fc iliyovishwa sura ya kamera yao ya mkanda, FM2 ya mwaka 1982. Kuna watu wazima duniani, wenye kazi na madeni, wanaokaa kitandani usiku wakizungusha gurudumu la kasi ya shata, lile pazia linaloruhusu mwanga kuingia, ili wasikie tu linavyolia tk, tk, tk. Mimi ni mmoja wao. Kamera yenyewe ikiwa imezimwa.

Basi kukawa na mechi ya ukoo, Waliooa dhidi ya Makapera. Waliooa jezi nyekundu, Makapera jezi za kijani, zote za mikono mirefu. Bukta nyeusi pande zote mbili, maana bukta nyeusi kila mtu anayo. Mimi ni wa Waliooa, lakini goti langu lilishastaafu kabla yangu, kwa hiyo nikapewa kazi ya kupiga picha. Mwamuzi alikuwa mjomba, ambaye ujanani alikuwa mpiga picha wa harusi.

Mjomba alipoiona kamera shingoni mwangu alisimama kama aliyekutana na mtu aliyemzika mwenyewe. Akaipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza. Akatafuta kishikio cha kuvutia mkanda, kidole gumba kikakwaruza hewa.

"Umepakia mkanda wa ngapi? Thelathini na sita?"

"Mjomba, hii haina mkanda."

"Basi umesahau kupakia. Afadhali umegundua mapema."

Nikamweleza. Alisikiliza kwa adabu zote, kisha akawageukia wachezaji waliokuwa wameanza kujipanga: "Msimchoshe huyu kijana na mapozi, picha zimehesabiwa!" Wakatawanyika. Kadi yangu ilikuwa na nafasi ya picha elfu kadhaa.

Lakini niseme haki, hapo ndipo kamera hii inapokulipa. Ukimwelekezea mtu zile kamera kubwa nyeusi zenye lenzi kama bomba la maji, anakaza uso kama yuko mahakamani. Hii yangu watu wanaicheka, na wakishacheka wamekwisha. Bibi, ambaye hajawahi kukubali kupigwa picha bila kwanza kubadilisha kitenge, alinitazama moja kwa moja akaniambia nimeokota wapi hicho kikuukuu. Nikabonyeza. Bila sauti, maana shata inaweza kufanya kazi kimyakimya. Ndiyo picha nzuri kuliko zote alizowahi kupigwa.

Mpira ukaanza. Jioni ilikuwa imeshaingia, mawingu yamejaa, nikajua kwa watu wanaokimbia nahitaji kasi ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Gurudumu lilikuwa kwenye 60, yaani sehemu moja ya sitini. Nikahesabu milio kwa raha zangu: 125, 250, 500, 1000. Milio minne, huku nimeinamisha kichwa kama fundi saa. Nilipoinua macho, Waliooa walikuwa wamefika golini. Nikabonyeza mfululizo, goli likaingia, nikafungua kioo cha nyuma kujipongeza.

Mfungaji alikuwa moshi uliovaa bukta.

Sikiliza ugonjwa wa magurudumu haya. Pembeni kuna kiswichi kidogo cha kuchagua nani aamue, wewe au kamera. Changu kilikuwa kimebaki kwenye P, yaani kamera ndiyo inayoamua. Gurudumu linasema 1000 kwa namba zilizochongwa kwenye chuma, na kamera inaendelea na mambo yake kama mtoto aliyetumwa dukani akapita kuona mpira. Kwenye kamera ya kawaida namba huonekana kwenye skrini na hubadilika pamoja na kamera. Hapa chuma kinakudanganya, nawe unakiamini kwa sababu kimechongwa vizuri.

Halafu mshiko. Hakuna mshiko! Mbele ni bapa kama kopo la chai, gramu 700 na ushee ukiweka betri, bado lenzi. Jasho likitoka kiganjani unashika samaki. Mara mbili ilinichomoka, mara mbili mkanda wa shingo ukaidaka usawa wa kitovu, na kitovu ndicho kilichoumia.

Kipindi cha pili wakaniomba niwachukue video wakiingia uwanjani. Kuna swichi moja ya hali tatu: juu picha, chini video, na katikati picha nyeusi na nyeupe. Yaani ukitoka video kurudi picha, lazima upite kwenye nyeusi na nyeupe. Mimi sikupita, nilisimama hapohapo. Nilipochungulia kwenye kitundu nikaona uwanja wote umekuwa wa kijivu, vumbi limekuwa ukungu, wajukuu wa bibi wamekuwa mashujaa wa vita fulani vya kale. Nikajua kidole kimekosea. Nikasema moyoni, acha hivyohivyo, inapendeza.

Shangazi alipita, akaona kwenye kioo, akauliza rangi zimeenda wapi. Nikamwambia, Mungu anisamehe, "Shangazi, rangi humchanganya mtazamaji."

Dakika tatu kabla ya mwisho, mbili kwa mbili. Kona kuelekea goli la Makapera. Nimepiga magoti nyuma ya goli, goti linalia, kiswichi kiko M safari hii, yaani mimi ndiye ninayeamua, shata 1000 ya kweli. Mpira ukaja, watu wakaruka, mpira ukagonga mkono. Uwanja mzima ulipaza sauti, "Mkonooo!" Waliooa wakimwonyesha shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, beki wa Makapera: penalti. Makapera wakimwonyesha mshambuliaji wetu: mpira wao. Na mjomba? Mjomba alikuwa ameinama kufunga kamba ya kiatu.

Kimya kikaja, kisha vichwa vyote vikanigeukia mimi.

"VAR," alisema mtu.

VAR, yaani mwamuzi msaidizi wa video, iliingizwa kwenye sheria za soka mwaka 2018, na sidhani kama waliotunga sheria hiyo walimfikiria mtu kama mimi. Nilisimama taratibu. Nilikuwa najua nimeipata. Nikafungua kioo, nikawatolea picha, nikaikuza.

Kwa kweli, wasomaji, ilikuwa picha ya maonyesho. Vidole vimezama kidogo kwenye mpira, mshono wa mpira unahesabika, tone la jasho limeachia kiwiko na bado halijaanguka. Mikono mikali kabisa. Mikono miwili imepishana, mmoja umegusa mpira, mwingine uko hewani, na juu ya mikono, pale zilipotakiwa kuwa nyuso, kuna mgongo mpana wa mtu wa tatu. Utambulisho pekee uliobaki ulikuwa rangi ya jezi.

Jezi zote mbili zilikuwa za kijivu. Kijivu kilekile.

"Mkono wa nani?" akauliza mjomba.

"Wa… kijivu."

Nyekundu na kijani zikiwa na ung'avu mmoja, picha ya nyeusi na nyeupe haizitofautishi. Nililijua hilo. Nilishawahi kumfundisha mtu. Mpwa wangu wa miaka tisa akapenya kati ya miguu ya watu, akasema, "Anko, si ubonyeze tu rangi zirudi?"

Hapo ikabidi nikiri mbele ya hadhara. Ningepiga kwa RAW, yaani picha ghafi kabla kamera haijaipika, rangi zote zingekuwepo ndani ya faili, zinasubiri kuitwa. Lakini nilikuwa nimechagua JPEG tupu, yaani picha iliyokwisha kupikwa, kwa madai kwamba mpiga picha wa kweli humaliza kazi ndani ya kamera, na JPEG ikishapakwa kijivu, hakuna kilichobaki cha kurudisha. Zaidi ya hapo, kamera ina nafasi ya kadi ya pili ambayo ingeweza kutunza hizo RAW. Imefichwa chini, jirani na betri, inataka kikadi kidogo kama ukucha ambacho vidole vyangu vinashindwa kukichomoa, kwa hiyo niliiacha tupu tangu nilipoinunua.

Mjomba hakunigombeza. Alinivuta pembeni na kusema kwa huruma, jambo lililoniuma zaidi: "Mpira wa jezi nyekundu na kijani, unapiga nyeusi na nyeupe bila filta? Sisi tungefunga filta nyekundu, kioo cha rangi mbele ya lenzi. Nyekundu inakuwa nyeupe, kijani kinakuwa cheusi, mchezo umekwisha."

Filta nyekundu imo ndani ya menyu ya kamera yangu. Nilikuja kuiona usiku ule, ukurasa ambao sikuwahi kuufungua, kwa sababu nilikuwa nazungusha magurudumu.

Mjomba akaamua mpira wa kudondosha. Mechi ikaisha mbili kwa mbili. Shemeji anaapa haukuwa mkono wake, mshambuliaji wetu anaapa vilevile, na mke wangu amegoma kusema yuko upande wa nani, ila kwa wiki nzima chai alimmiminia mdogo wake kwanza.

Picha tuliichapisha kubwa. Mpwa akaomba apewe nakala, akaenda nayo chumbani na kalamu zake za rangi, akisema yeye alikuwa amesimama karibu na aliona kila kitu. Ukoo mzima ukakaa sebuleni kumsubiri shahidi. Akatoka baada ya nusu saa, akaiweka mezani.

Mikono yote miwili ilikuwa ya zambarau. Kijani, alisema, kilikuwa kimeisha.